Bethdei ya bahari Nyamisati: Kasa karibu, maputo hapana

MZAZI wa Nyamisati, Kibiti, anayetaka kumfanyia mwanawe bethdei yenye sura ya bahari hana haja ya kuagiza mapambo Kariakoo. Mikoko, kaa na kamba viko jirani. Watoto wamchore nguva, mnyama adimu ambaye delta ya Rufiji ni moja ya sehemu chache nchini anakoonekana bado, wamkate kwenye boksi kuukuu na kumtundika barazani.

Cha kufuta kwenye orodha ni maputo. Yakipeperuka huangukia majini, na kasa humeza vipande akidhani ni chakula. Nchi kavu nako hatari ipo: kipande cha puto lililopasuka, mtoto akikivuta mdomoni, hunata kooni na kuziba hewa, na kukitoa ni shida. Wenye watoto wadogo wasijidanganye kwamba "tutawaangalia". Siku ya pilau nani anamwangalia nani?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, hivyo ubuyu na kashata zifungwe kwenye karatasi. Juisi ya ukwaju inywewe kwa vikombe vya kuosha, hata vya kuazima kwa majirani.

Mchezo mkuu uwe kuokota taka ufukweni maji yakipwa. Kila mtoto avae viatu. Vioo na sindano aokote mtu mzima. Maji yakianza kujaa, wote warudi, wanawe kwa sabuni, ndipo keki ikatwe.