SINDANO YA SURUA NA MTOTO MWENYE USONJI

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: U-SO-NJI. Haya, lisomeni kwa sauti. Vema.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto mwenye usonji huenda akachelewa kusema, asiitike akiitwa, au ashtuke mno kwa kelele. Si laana, wala si kosa la mama.

Labda umesikia watu wakisema kwamba sindano ya surua huleta usonji. Maneno hayo yalitoka Uingereza. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield aliandika habari za watoto 12 tu. Maandishi yake yalifutwa mwaka 2010, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Huko Denmark walichunguzwa watoto 657,461, na majibu yakatolewa mwaka 2019: waliochanjwa hawakuwazidi wasiochanjwa kwa usonji.

Mbona basi wazazi hudhani hivyo? Kwetu Tanzania mtoto huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Dalili za usonji nazo mara nyingi huonekana katika mwaka wa pili. Lakini magego pia huota wakati huo. Je, sindano ndiyo iliyoyaotesha?

Tena liko jambo ambalo wasemaji hao hawalitaji. Rubela ikimshika mama mwenye mimba changa, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, au mwenye ugonjwa wa moyo, au ubongo wake umedhurika. Na watoto hao wameonekana kuwa na usonji zaidi kuliko wengine. Sindano ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014, huzuia hayo.

Na yule ambaye tayari ana usonji? Apelekwe kuchanjwa vilevile; surua haimwachi kwa kuwa hasemi. Yeye hawezi kusema, "Sikio laniuma." Hupiga kichwa ukutani, na watu husema ndiyo tabia yake. Wewe unayemjua umwambie muuguzi wa zahanati, au wa hospitali ya Mrara: "Hii si kawaida yake, imeanza juzi." Omba atazamwe masikio na meno. Omba pia mahali penye utulivu pa kungojea. Usione haya, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa haki ya kutibiwa.

Kwa somo lijalo, leteni kadi za kliniki za watoto wenu. Tutasoma tarehe pamoja.