Deni la Swala Hulipwa, Halikimbiwi



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, bwana mmoja wa makamo alinishika mkono akanivuta pembeni ya msikiti. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, mimi nimeanza kuswali mwezi huu. Nyuma yangu ipo miaka 20 sikuswali. Nikiambiwa nilipe, nitamaliza lini? Si afadhali niache tu?" Swali hili wengi wanalo moyoni, ila wanaona haya kuliuliza. Basi ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Kwanza tuwatenganishe watu wawili: aliyepitwa na swala kwa udhuru, na aliyeiacha kusudi. Kitabu cha Safinatun Najaa, ambacho watoto wetu hukisoma madrasa, kinataja nyudhuru mbili tu, nazo ni usingizi na kusahau. Mwenye udhuru hana dhambi, lakini akiamka au akikumbuka ni lazima aswali. Mtume (S.A.W.) na masahaba zake walipokuwa wakirudi kutoka Khaybar walilala njiani. Bilal aliwekwa zamu ya kungojea alfajiri, naye usingizi ukamchukua. Wakaja kuamshwa na jua. Walisogea mbele kidogo, Bilal akakimu, wakaswali Alfajiri yao kwa jamaa. Katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, maadui walimshughulisha Mtume hata jua likachwa hajaswali Alasiri. Akaiswali kwanza, kisha ndipo akaswali Magharibi.

Ama mwanamke aliye katika hedhi au nifasi, huyo hadaiwi swala za siku hizo kabisa. Yeye hulipa saumu tu. Nalisema hili kwa sababu wako dada zetu wanaojibebesha deni wasilokuwa nalo.

Tuje kwa yule aliyeacha kusudi. Madhehebu yote manne yanamlazimisha kulipa. Hoja yao ni nyepesi kuielewa: ikiwa aliyelala, ambaye hana kosa, anatakiwa alipe, basi mwenye kosa atasamehewaje? Wapo wanavyuoni wachache, kama Ibn Hazm na Ibn Taymiyya, waliosema kwamba kosa la huyu ni kubwa mno hata kulipa hakumfai kitu. Atubu, na azidishe sana swala za sunna. Tazameni, ndugu zangu, kwamba hata hao hawakumwambia akae apumzike.

Wengine hutafuta njia ya mkato. Huswali vipindi vitano siku ya Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, wakidai kwamba hivyo vinafuta deni la umri mzima. Hilo halina asili. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye kitabu chake cha Tuhfa ni tegemeo kubwa kwetu sisi Mashafi, amelikataza kwa ukali.

Sasa turudi kwa yule bwana. Tuchukue kalamu tupige hesabu. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355. Kwa vipindi vitano kila siku, mwaka mmoja ni swala 1,770 au zaidi kidogo. Miaka 20 inapita swala 35,000. Ukiitazama hesabu hiyo kwa pamoja, miguu inalegea. Lakini faradhi za siku moja ni rakaa 17 tu. Mtu akiswali Adhuhuri ya leo, akaifuatisha na Adhuhuri moja ya deni, na vivyo hivyo katika kila kipindi, kila mwaka unaopita utalipa mwaka mmoja. Akilipa mbili mbili, miaka 20 italipwa kwa 10.

Nia yake ni kuswali faradhi ya Adhuhuri anayodaiwa. Kwa Mashafi si lazima ataje ni ya siku gani. Asiyejua idadi, ahesabu tangu alipobaleghe, kisha alipe mpaka awe na yakini kwamba amemaliza. Na wanavyuoni wetu wamekaza: aliyeacha bila udhuru atangulize deni kabla ya sunna, na atumie kila nafasi anayoipata, isipokuwa muda wa kulala, wa kutafuta riziki, na wa haja zisizoepukika. Kwa hiyo huo mpango wa moja moja ni kwa asiyeweza zaidi, wala si mahali pa kutegea.

Nami sisemi haya kama mtu aliyesimama nje. Ujanani nilikaa mwaka mzima na zaidi bila kusujudu, na siku nilipoiandika hesabu yangu kwenye daftari niliifunga upesi nisiione. Miezi ikapita hivyo, na deni likizidi, kwa kuwa hata swala za siku zile sikuwa naziswali. Ndiyo hatari ya kukata tamaa: deni la jana humfanya mtu akope na la leo.

Nilimwambia yule bwana: "Alasiri ya leo isikupite. Ukiimaliza, simama tena uswali moja ya zamani." Mauti yakimkuta njiani, yamkute akiwa analipa, na rehema ya Mola wetu ni pana.

Tukutane tena juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.