GTI au GTD: hesabu ya msokoto na masizi

Mwaka 2013, matoleo ya kasi ya kizazi cha saba cha Volkswagen Golf yalipoanza kuuzwa Ulaya, mpenda mbio mwenye familia na bajeti ya kawaida aliwekewa mbele magari mawili yaliyofanana karibu kwa kila kitu. Yote mawili yalikuwa na injini ya lita 2 yenye turbo, viti vya kitambaa cha mirabaraba na springi zilizoteremshwa. La kwanza, GTI, lilitumia petroli na kutoa nguvu za farasi 220, pamoja na msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa niutoni-mita 350. La pili, GTD, lilitumia dizeli: farasi 184, msokoto niutoni-mita 380. Kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa, GTI ilichukua sekunde 6.5 na GTD sekunde 7.5.

Hapo ndipo watu wengi hukuna kichwa. Dizeli ndiyo yenye msokoto mkubwa, mbona inaachwa kwa sekunde nzima?

Wauzaji wa magari wanaipenda sana tarakimu ya msokoto, na mnunuzi huondoka dukani akiamini kwamba hiyo ndiyo inayosukuma gari. Kinachosahaulika ni giaboksi. Injini haigusi tairi. Kati yao kuna gia, na kazi ya gia ni kubadilisha mizunguko kuwa msokoto. Mizunguko ikipunguzwa kwa nusu, msokoto unaofika kwenye magurudumu huongezeka maradufu. Kwa hiyo injini inayoweza kuzunguka haraka zaidi inaruhusiwa gia fupi zaidi, nayo hulipwa kwa msukumo.

Tuiweke kwa tarakimu. GTD hushikilia msokoto wake wote hadi mizunguko 3,250 kwa dakika. Zidisha msokoto kwa kasi ya mzunguko, utapata takriban kilowati 129. GTI hushikilia wake, ambao ni mdogo kidogo, hadi mizunguko 4,400, na jibu ni kilowati 161. Magari yote mawili yakiwa kwenye mwendo uleule, kila moja katika gia inayoliweka kwenye mizunguko hiyo, magurudumu ya GTI husukuma barabara kwa nguvu iliyozidi ya mwenzake kwa karibu robo. Mashindano yameishia hapo.

Zamani wapenzi wa dizeli walikuwa na utetezi mzuri: petroli inataka kukamuliwa, ilhali dizeli inavuta kutoka chini. Ulikuwa ukweli kabla petroli haijawekewa turbo za kisasa. Katika magari haya mawili msokoto kamili wa GTI huanza kwenye mizunguko 1,500, na wa GTD 1,750. Utetezi huo umezeeka.

Kwa nini basi dizeli isizungushwe haraka zaidi? Sababu kubwa ni namna inavyowaka. Nikolaus Otto alipofanikisha injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, miaka 100 kamili kabla ya GTI ya kwanza, mafuta na hewa vilichanganywa kwanza, kisha vikawashwa. Petroli ya leo inawashwa na cheche ya plagi, na moto hukimbia ndani ya mchanganyiko ulio tayari. Rudolf Diesel alifuata njia nyingine. Hewa peke yake inabanwa mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi, ndipo mafuta yanapuliziwa ndani na kujiwakia. Katika GTD yanapuliziwa kwa mgandamizo wa hadi bar 2,000. Lakini kila tone lazima ligeuke mvuke na kukutana na hewa yake wakati pistoni tayari inakimbia, na mambo hayo yanataka muda. Ukizungusha haraka mno, muda unakwisha na mafuta yasiyoungua vizuri hutoka yakiwa masizi.

Faida ya dizeli ni uchache wa mafuta yanayotumika. Injini ya Diesel iliyopimwa Augsburg mwaka 1897 iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za wakati huo hazikulikaribia. Siri ya kwanza ni kubana: GTD hubana hewa karibu mara 16, wakati GTI haifiki mara 10, maana petroli ikibanwa mno hulipuka kabla ya wakati na kugonga pistoni. Siri ya pili ni pumzi. Injini ya petroli inapotakiwa kwenda polepole, mlango wake wa hewa hufungwa nusu, nayo hupoteza nguvu kwa kuvuta tu, sawa na mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Dizeli huvuta hewa kwa uhuru na kupunguza mafuta tu.

Vipimo rasmi vya wakati huo viliipa GTI lita 6.0 kwa kilomita 100, na GTD lita 4.2. Barabarani magari yote mawili hunywa zaidi ya hapo. Tena lita si kipimo cha haki: dizeli ni nzito, na lita yake moja ina nishati na kaboni zaidi ya lita ya petroli. Ndiyo maana lita zilipungua kwa asilimia 30, ilhali kaboni dioksidi ilishuka kutoka gramu 139 hadi 109 kwa kilomita, yaani asilimia 22 hivi.

Sasa tazama kejeli ya mambo. Hasara ile ya pumzi huonekana zaidi mjini, kwenye foleni, ambako injini haiombwi nguvu nyingi. Kwa hiyo mjini ndiko dizeli ingepaswa kung'ara, na mjini ndiko inakouawa. Masizi yake hunaswa na chujio kwenye ekzosi, nalo likijaa injini huongeza mafuta kidogo ili kulipasha hadi nyuzi 600 hivi na kuyateketeza. Kazi hiyo inahitaji gari liwe linatembea, tena kwa dakika kadhaa bila kukatizwa. Mwenye safari za kumpeleka mtoto shule na kurudi huzima injini katikati ya kazi, siku baada ya siku. Chujio huziba, na dizeli iliyoongezwa huteremka ukutani mwa silinda hadi kwenye oili.

Halafu kuna oksidi za nitrojeni. Petroli huwaka kwa uwiano sahihi wa hewa na mafuta, hivyo kichocheo cha ekzosi huzimaliza kwa urahisi. Dizeli huwaka kukiwa na hewa ya ziada, na kichocheo cha namna hiyo hakiwezi kuzishughulikia. Septemba 2015 mamlaka za Marekani zilitangaza kwamba Volkswagen iliweka kwenye dizeli zake programu ya kudanganya vipimo vya oksidi hizo. Magari yaliyohusika duniani yalifika milioni 11 hivi. London nayo mwaka 2019 ilianza tozo ya pauni 12.50 kwa siku kwa magari yasiyofikia viwango vyake vya moshi. GTD ya 2010 inalipa kwa sababu ni dizeli ya daraja la Euro 5. GTI ya mwaka huohuo inapita bure.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam kuna jambo moja la kuongeza. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kikomo cha salfa kwenye dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Ulaya kikomo ni 10. Salfa huchosha vichocheo vya ekzosi. Na fundi akikwambia dawa ya chujio lililoziba ni kulitoboa, ujue masizi yaliyokuwa yakinaswa humo sasa yanakwenda kwenye mapafu ya aliye nyuma yako.

Kwa vipimo rasmi, mwenye kutembea kilomita 10,000 kwa mwaka anaokoa lita 180 tu kwa kuchagua GTD, na chujio jipya moja linaweza kumeza akiba ya miaka kadhaa. Mwenye kutembea 30,000, nyingi zikiwa za barabara kuu, anaokoa lita 540 na chujio lake linajisafisha lenyewe. Huyo na achukue dizeli bila wasiwasi. Wengine wote ningewaelekeza kwenye GTI. Na kama tayari umependa GTD ya mtumba, kabla hujapatana bei chomoa kijiti cha oili: ukikuta oili imepanda juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, rudisha funguo kwa mwenyewe.