Si kila mashine ya babu ni ya 'enzi za Mjerumani'

MZEE akishafariki, vinavyogombewa ni shamba na nyumba. Mashine yake ya kunyolea ndevu hubaki kwenye sanduku la bati pamoja na miwani na risiti za kodi, mpaka siku mjukuu anapoigeuza na kusoma neno "Germany" chini yake. Hapo hadithi inazaliwa: hii ni ya enzi za Mjerumani, babu alipewa na bwana fulani wa serikali. Baada ya miaka michache imeshakuwa historia ya ukoo, na muuza vitu vya kale naye anaikariri akipandisha bei.

Inawezekana ni kweli. Lakini utawala wa Wajerumani Tanganyika ulikwisha na vita ya 1914 hadi 1918, ilhali viwanda vya Ujerumani viliendelea kutengeneza mashine hizi kwa miongo mingi baadaye, na vingine havijaacha mpaka leo. Neno "Germany" peke yake halithibitishi chochote. Kwa bahati nzuri chuma chenyewe kinatoa ushahidi, ukijua pa kutazama.

Wajerumani huiita Rasierhobel, yaani randa ya kunyolea. Fundi seremala ataelewa mara moja. Kwenye randa, kisu kimefichwa ndani ya mbao na makali huchungulia kidogo tu, kwa hiyo hukwangua kile kinachotakiwa bila kuchimba. Mashine ya kunyolea inafanya hivyo hivyo: wembe mwembamba hulazwa juu ya bamba, hufunikwa na kofia iliyopinda, kisha mpini unakazwa kwa skrubu mpaka wembe unajikunja na kubaki imara. Kinachochungulia pembeni ni makali tu. Kabla ya hapo mwanamume alitegemea wembe wa kukunja, wa kunolewa kila mara kwenye mkanda wa ngozi, na mkono ukitetemeka ni damu.

Wazo la kuukinga uso lilisukumwa mbele na ndugu wa ukoo wa Kampfe, wahamiaji kutoka Ujerumani waliokuwa New York, ambao walipata hataza ya mashine yao mwaka 1880. Hao bado walitumia wembe mnene wa kunolewa. Mmarekani King C. Gillette ndiye aliyeleta wembe mwembamba wa kutupwa, wenye makali pande mbili, na hataza yake ikatolewa mwaka 1904. Ujerumani ikaudaka mtindo huo na kuushughulikia kwa namna yake.

Kitovu kilikuwa Solingen, mji ulio kando ya mto Wupper, ambao kwa karne nyingi umeishi kwa panga, visu na mikasi. Maji ya mto ndiyo yaliyozungusha mawe ya kunolea. Huko ndiko alikokuwa Emil Hermes, aliyeanzisha jina la Merkur mwaka 1896, na huko ndiko zilikotoka mashine za Mulcuto. Berlin nako kulikuwa na Roth-Büchner wenye majina mawili maarufu: Rotbart, maana yake ndevu nyekundu, na Mond-Extra, mond ikiwa ni mwezi. Kampuni hiyo baadaye iliingia mikononi mwa Gillette.

Sasa chukua mashine, ifungue vipande vyake vitatu, na utazame bamba la chini kwa kioo cha kukuzia.

Ukiona herufi D.R.P., hiyo ni hataza ya dola ya Ujerumani iliyoanza kutolewa mwaka 1877. D.R.G.M. ni kinga ndogo zaidi ya umbo au mtindo, iliyoanza mwaka 1891. Zote mbili zinaelekeza kabla ya mwaka 1945 au karibu na hapo. Lakini ukikuta D.B.P. au D.B.G.M., ile B ni ya Ujerumani Magharibi, ambayo ofisi yake ya hataza ilifunguliwa Munich mwaka 1949. Mashine ya namna hiyo haikuweza kuwa mkononi mwa bwana yeyote wa enzi za Mjerumani. "W. Germany" au "Western Germany" inasema hivyo hivyo. Neno "Zone" baada ya Germany ni la miaka michache tu baada ya vita, nchi ilipogawanywa na washindi.

Watu wengi hudhani "Made in Germany" ni alama ya majivuno tangu mwanzo. La. Ililetwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1887, ili mnunuzi wa Kiingereza ajue bidhaa si ya kwao na aiepuke! Jina la Solingen nalo lilipewa ulinzi wa sheria mwaka 1938, ili lisiandikwe na mtu wa mahali pengine.

Kama alama zimefutika, soma madini. Nikeli ina weupe wenye joto, unaoelekea manjano kidogo. Kromu ina ubaridi wa rangi ya buluu. Kromu ilianza kutumika viwandani katika miaka ya 1920, kwa hiyo mashine iliyotoka kiwandani na kromu haiwezi kuwa ya kabla ya vita ya kwanza. Ukiona mwili wa bakelaiti, ile plastiki ngumu nyeusi au ya kahawia, fikiria miaka ya 1930 na vita ya pili, chuma kilipohitajika kutengenezea silaha. Bakelaiti ikianguka sakafuni hupasuka kama kikombe.

Kuna umbo moja linalochanganya watu: kichwa kinachoonekana kimepinda, upande mmoja umeinama huku na mwingine kule. Wapo wanaojaribu kukinyoosha kwa koleo, na hapo wanaharibu kitu adimu. Hiyo ni randa ya mshazari. Wembe umesokotwa kwa makusudi ili ukate kwa kuteleza, kama unavyovuta kisu ukikata nyanya badala ya kukigandamiza. Inakata ndevu ngumu vizuri sana, na shingo pia usipokuwa mwangalifu.

Penye namba ya D.R.P., ofisi ya hataza ya Ujerumani ina hifadhi ya bure kwenye intaneti iitwayo DEPATISnet. Ingiza namba yenye herufi DE mbele, unaweza kuupata mchoro wa mvumbuzi mwenyewe pamoja na tarehe. Namba ya D.R.G.M. ni ngumu zaidi, kwa sababu maelezo yake hayakuchapishwa kwa ukamilifu kama ya hataza. Hakikisha pia vipande vyote ni vya mashine moja. Skrubu nyingi zinaingiliana, na mpini wa Kijerumani unaweza kuwa umebeba kichwa cha Kiingereza.

Usiisugue kwa msasa wala kwa waya wa masufuria, na usiiloweke kwenye ndimu au siki. Mashine nyingi zina zinki chini ya kromu, na asidi ikishapenya inaila. Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani vinatosha.

Anayetaka kunyolea anaweza: nyembe za makali mawili zinazouzwa dukani leo zinaingia kwenye mashine nyingi za zamani za vipande vitatu. Tupa wembe uliokutwa ndani, hata kama unang'aa. Nyoa kufuata ndevu zinakolala, hasa kama unasumbuliwa na vipele. Na kila mwanamume nyumbani awe na wembe wake, kwa sababu homa ya ini inaweza kupita kwenye tone la damu usiloliona.