Uvuvi ukifungwa Mweru, shangazi ana zamu Mantapala

MANTAPALA, Zambia

Kila mwaka, ifikapo Desemba 1, Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, hupoa. Kinamama waliozoea kupokea mitumbwi alfajiri na kupeleka samaki mbali hupata nafasi ya kupumua.

Mwezi huohuo shule za Zambia hufunga mwaka. Ndiyo maana kwa mfanyabiashara asiye na mtoto wa kumzaa, lakini mwenye watoto wa ndugu zake katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, msimu huu una kazi yake: yeye hana samaki wa kufuata, nao hawana darasa la kuwahi.

Mantapala ilifunguliwa Januari 2018, baada ya maelfu ya watu kukimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, Kongo, na kupokelewa kwanza katika kituo cha Kenani. Badala ya kambi ya mahema, serikali ilitoa ardhi ili kila familia ijenge na kulima, na huduma zitumiwe pamoja na wanavijiji wenyeji. Zaidi ya nusu ya waliofika walikuwa watoto. Wapo waliokuja na wazazi wote, na wapo waliokuja na bibi au jirani tu.

Hapo ndipo watu wazima wasio na watoto walipojikuta na mzigo ambao hawakuupanga. Mtu aliyekuwa akizunguka Pweto, Kilwa ya Kongo na Kashikishi na biashara yake akawa ndiye ndugu pekee mwenye uwezo wa kufika, kuona na kurudi tena.

Wanaosema pembeni kwamba mtu huyo ni mgumba hawajasikiliza watoto wanavyomwita. Kwa Kiswahili, dada wa baba ni shangazi, na dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Ni mama, hata kama hajawahi kuzaa. Upande wa Zambia, Wabemba humwita dada wa baba mayosenge, na ndani ya jina hilo limo neno mayo, yaani mama. Kaka wa mama ni yama. Kwa kuwa mtoto hufuata ukoo wa mama, mjomba huyo ana sauti kubwa katika mambo ya wapwa wake. Mipaka haikuvunja mpango huo. Wabwile, kwa mfano, wako Pweto na wako Chiengi, ingawa mkataba wa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo uliwagawa katika nchi mbili.

Lakini jina peke yake halilei. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na kulea kunahitaji muda.

Chukulia mama mmoja anayeuza samaki wakavu na vitenge, mwenye watoto watatu wa marehemu kaka yake wanaoishi na bibi yao Mantapala. Kwa kawaida angepita mara moja, akaacha unga, sabuni na nguo, akaondoka kabla barabara ya vumbi haijaharibiwa na mvua. Watoto wangemkumbuka kwa furushi lake. Akikaa wiki tatu, mambo hubadilika. Desemba ni wakati wa mahindi na karanga kuhitaji palizi, na shambani ndipo mtoto mkubwa husema lile ambalo hakulisema mbele ya wageni: kwamba anataka kuacha shule, au kwamba bado anaota usiku ule waliokimbia.

Naye shangazi hupata faida yake. Shuleni watoto hawa husoma kwa Kibemba na Kiingereza, kwa mtaala wa Zambia, wakati nyumbani wanasema Kiswahili. Mtoto wa miaka kumi humfundisha shangazi kupatana bei kwa Kibemba, naye humfundisha mtoto kubadili faranga za Kongo kuwa kwacha bila kupunjwa. Jioni wakizungumza Kiswahili, watoto hubaki na lugha ya kwao, ambayo ni mojawapo ya lugha nne za taifa Kongo na ndiyo itakayowafungulia masoko hadi Kigoma na Mombasa.

Upendo huu una mitego yake. Wa kwanza ni zawadi. Viatu vya mtoto mmoja mbele ya wenzake wawili wasio na viatu huleta ugomvi unaobaki nyumbani baada ya mgeni kuondoka. Ni heri kuleta kidogo cha wote.

Wa pili ni mzito zaidi. Shangazi asiye na mtoto hushawishika kusema, "Nipeni huyu mmoja, nikakae naye mjini." Mara nyingine ni nia njema. Mara nyingine, mtoto huishia kubeba mizigo na kukaa kwenye meza ya biashara wakati wenzake wako darasani. Watoto wenyewe hawana wa kumlalamikia, kwani aliyewachukua ni mama yao kwa jina.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Mkimbizi anayetoka Mantapala anahitaji kibali cha kutoka kinachotolewa na ofisi ya serikali inayosimamia makazi. Mtoto aliyeandikishwa pale akiondolewa kimyakimya, familia huingia matatani, na akivushwa kurudi Kongo, ulinzi wake kama mkimbizi huwa hatarini. Mpakani, Zambia hudai mtoto wa chini ya miaka 18 asafiri na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na asipokuwa na wazazi, na idhini yao iliyothibitishwa. Tangu mwaka 2008 nchi hiyo ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na askari anayemwona mwanamke na mtoto asiye na karatasi ana wajibu wa kuuliza. Neno "shangazi" halipigwi muhuri.

Kwa hiyo njia salama ni ile ndefu: kuripoti ofisini unapofika, na kama mtoto amepotezana na wazazi au mlezi anataka kumkabidhi, kwenda kwa maofisa wa ustawi wa jamii, UNHCR au Msalaba Mwekundu wa Zambia, ambao hutafuta ndugu na kuandika nani anaishi na nani. Huchukua siku, lakini hizo ndizo siku ambazo msimu wa kufungwa huzitoa.

Machi ziwa hufunguliwa. Mitumbwi hurudi, bei za samaki hutajwa tena Kashikishi, na shangazi hufunga mizigo. Watoto hawataki ahadi kubwa. Wanataka kujua atarudi lini. Akisema likizo ya Agosti, na afike Agosti, hata kama wiki hiyo samaki wana bei nzuri.