Kutu kwenye diski za breki baada ya kuosha gari: lini ni kawaida, lini ni hatari

Gari lako limeoshwa jana jioni. Asubuhi unainama kuangalia matairi, na kupitia matundu ya rimu unaona diski za breki zimegeuka rangi ya chungwa, kama msumari ulioachwa kwenye mvua. Ukiondoa gari, breki zinakwaruza. Wazo la kwanza ni kwamba kijana aliyeosha ameharibu kitu, au kwamba diski zimekwisha.

Hapa Nakivale jambo hili dogo linaweza kuleta ugomvi. Kijana anayeosha magari kwa ndoo na kitambaa akidaiwa bei ya diski mpya, kazi ya siku nyingi inapotea. Dereva akinunua diski asizohitaji, ada ya shule ya watoto inabaki gereji. Na dereva akipuuza kutu ya hatari, abiria wa kwenda Mbarara ndio watakaolipa. Makala hii inakusaidia kutofautisha kutu ya kawaida na kutu inayohitaji fundi.

Kutu hiyo inatoka wapi?

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Ukikanyaga breki, kifaa kiitwacho kalipa kinabana pedi mbili kwenye sahani hiyo, moja kila upande, na gari linapunguza mwendo. Sehemu inayoguswa na pedi haipakwi rangi, kwa sababu pedi zingeifuta mara moja. Kwa hiyo chuma kinakaa wazi.

Chuma kilicho wazi kikipata maji na hewa kinashika kutu. Hakihitaji wiki nzima. Saa chache zinatosha, na usiku mmoja wenye umande au mvua unafanya kazi ileile. Ndiyo maana hata gari ambalo halikuoshwa linaweza kuamka na diski nyekundu wakati wa masika.

Kutu hii ya usiku mmoja ni utando mwembamba sana. Ukiendesha na kukanyaga breki mara kadhaa, pedi zinaukwangua na diski inarudi kung'aa. Sauti ya kukwaruza unayosikia mwanzoni ni utando huo unaoondoka. Hakuna kilichoharibika, na aliyeosha gari hana kosa.

Je, ni kutu au ni udongo?

Barabara zetu nyingi ni za marramu nyekundu, na vumbi lake linafanana na kutu. Gari likiwa limepoa, pitisha kitambaa chenye maji kwenye diski. Udongo unatoka wote na kitambaa kinajaa tope. Kutu inaacha rangi kidogo tu kwenye kitambaa, na diski inabaki nyekundu.

Kumbuka pia kwamba ukingo wa nje wa diski na sehemu ya katikati, karibu na nati, haziguswi na pedi. Kutu ya hapo haiondoki, na mara nyingi si tatizo. Wewe angalia njia ambayo pedi inapita.

Fanya hivi kabla ya kulaza gari

Baada ya kuosha, usiegeshe gari hapohapo likiwa linatiririka maji.

1. Endesha polepole mahali palipo wazi, pasipo na watoto wala mifugo.
2. Kanyaga breki kidogo kidogo, mara 5 hadi 10. Joto la msuguano linakausha diski na pedi.
3. Mwanzoni breki zinaweza kuchelewa kushika kwa sababu zimelowa. Acha nafasi kubwa kati yako na gari la mbele.
4. Ukifika nyumbani, egesha mahali tambarare, weka gia na uzuie tairi kwa jiwe. Ukivuta handbreki wakati breki za nyuma bado zimelowa, zinaweza kugandana usiku na asubuhi gari likakataa kutoka.

Asubuhi fanya vilevile kabla ya kupakia abiria. Breki zijaribiwe ukiwa peke yako, si ukiwa na watu tayari kwenye viti.

Diski moja ikibaki nyekundu

Hapa ndipo pa kuwa makini zaidi. Endesha kilomita chache ukitumia breki kama kawaida, kisha simama uangalie diski zote. Magari mengi madogo yanayobeba abiria huku, kama Toyota Probox, yana diski mbele tu. Nyuma yana dramu ambazo huwezi kuziona bila kufungua. Kwa hiyo linganisha diski ya kushoto na ya kulia.

Zote mbili ziking'aa, hakuna shida. Moja iking'aa na nyingine ikibaki na kutu, ile yenye kutu haibanwi vizuri. Huenda kalipa imekwama, au vyuma ambavyo kalipa inatelezea vimekauka. Maana yake ni kwamba gari linasimama kwa nguvu za upande mmoja. Ukikanyaga breki ghafla kwenye mteremko au kwenye tope, linaweza kuvutia upande huo na kutoka barabarani.

Kwa hiyo kutu isiyotoka ni taarifa, na tiba yake haiko kwenye diski peke yake. Kuisugua kwa msasa kunaondoa rangi tu. Kalipa itabaki imekwama. Mwambie fundi aangalie kalipa kwanza.

Nenda kwa fundi pia ukiona mojawapo ya haya:

- Kutu imekula chuma na kuacha mashimo unayoyahisi kwa ukucha, au inabanduka kama magamba.
- Usukani au pedali ya breki inatetemeka unapopunguza mwendo.
- Sauti ya chuma kwa chuma inaendelea hata baada ya kilomita kadhaa.
- Pedi imebaki na unene wa chini ya milimita 3.
- Ukisimama, harufu ya kuungua inatoka kwenye tairi moja, au rimu moja ni ya moto kuliko nyenzake. Hiyo ni dalili kwamba breki haiachii.

Fundi akisema diski imekwisha, mwombe aipime mbele yako. Diski nyingi zimeandikwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa milimita, kwenye sehemu ya katikati au ukingoni. Kama bado iko juu ya namba hiyo, haina nyufa wala mashimo na haitetemeshi gari, uliza kwa nini inabadilishwa. Zikibidi kubadilishwa, zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, ili breki zishike sawa.

Usipake mafuta kwenye diski

Kuna watu wanaopuliza dizeli au oili chafu chini ya gari baada ya kuosha ili kuzuia kutu. Kwenye chesisi hilo ni suala jingine. Kwenye diski ni hatari ya kifo. Breki inafanya kazi kwa msuguano, na mafuta yanaondoa msuguano. Gari litang'aa vizuri na halitasimama.

Kama unaosha magari kwa kazi, kataa kupuliza mafuta karibu na matairi hata mteja akiomba, na umweleze sababu. Kama ni gari lako na mafuta yameshagusa breki, usiliendeshe. Diski inaweza kusafishwa kwa dawa ya kusafishia breki inayouzwa madukani. Pedi zilizonyonya mafuta zibadilishwe, kwa sababu mafuta hayatoki yote ndani yake.

Diski ya moto isimwagiwe maji baridi

Gari lililotoka safari ndefu au lililoshuka milima lina diski za moto sana. Ukizimwagia maji baridi ghafla, chuma kinaweza kupinda au kupasuka. Hapo kweli kuosha kunaharibu, na kosa hilo linaepukika kwa subira tu. Anza kuosha ndani na juu, acha matairi mwisho. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Kama bado unahisi joto, subiri. Usiguse diski yenyewe kwa mkono.

Na pikipiki?

Boda boda nyingi zina breki za dramu, kwa hiyo kutu haionekani kwa nje. Lakini maji yakiingia, breki zinalegea kwa muda. Baada ya kuosha au kupita kwenye maji, kanyaga na kubana breki polepole mara kadhaa kabla ya kubeba mtu. Pikipiki zenye diski nyingi zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu haraka. Onyo la mafuta ni lilelile: mafuta ya mnyororo yasifike kwenye diski.

Mkikosa kuelewana

Mteja na mwoshaji wakibishana, msianze na pesa. Endesheni gari pamoja kilomita chache, kisha mwangalie diski. Ikiwa zimeng'aa, mjadala umekwisha. Ikiwa moja imebaki na kutu, mkumbuke kwamba kalipa haikwami kwa sababu ya kuoshwa mara moja. Tatizo hilo lilianza zamani, maji yamelionyesha tu. Mtafute fundi wa pili ambaye hauzi vipuri, atoe maoni yake. Ikishindikana, pelekeni jambo kwa mwenyekiti wa RWC 1 wa kijiji chenu kabla halijawa ugomvi.

Nawe mwoshaji, jikinge mapema. Kabla ya kuanza, zunguka gari na mwenyewe, mwonyeshe hali ya diski, na umwambie kwamba asubuhi anaweza kuona wekundu utakaotoka akitumia breki. Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, na ukishayasema leo, kesho hutaitwa mwizi.