Waliomlilia Grace, na Yule Aliyemwigiza

Iko desturi ya kuwacheka watu wanaowapenda watu wasiokuwapo. Mama anaposikiliza mchezo wa redio jioni, akasonya kwa sababu mume wa mchezoni amechelewa tena kurudi nyumbani, baba aliye kando na gazeti lake humwambia, "Hayo ni maigizo tu, Mama Asha." Lakini umeme ukikatika na mchezo ukaishia njiani, baba huyo huyo ndiye anayeuliza asubuhi kwa majirani: je, yule bwana alirudi?

Mapenzi hayo ya wasikilizaji yana nguvu kuliko tunavyodhani. Yanaweza kumpandisha mwigizaji asiyejulikana na kumfanya ndugu wa taifa zima. Yanaweza pia, bila ya msikilizaji mwenyewe kujua, kuifunika habari ya mfanyakazi aliyeondolewa kazini. Kisa kinachoonyesha mambo hayo mawili kwa pamoja kilitokea Uingereza mwaka 1955, na wahusika wake ni bwana na bibi arusi wa miezi mitano, Phil Archer na mkewe Grace.

Mchezo wenyewe unaitwa The Archers, yaani jamaa ya akina Archer. Hutayarishwa na shirika la utangazaji la BBC mjini Birmingham. Ulijaribiwa kwa juma moja mwezi Mei 1950, ukaanza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951, na hadi leo haujakoma. Kijiji chao kinaitwa Ambridge, nacho hakimo katika ramani yoyote.

Asili yake si ya anasa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa bado wakila kwa mgao, na serikali yao ilitaka wakulima wadogo wazalishe zaidi. Mafundisho ya kilimo yalikuwapo redioni, ila yalikuwa makavu, na mkulima aliyechoka hakuwa na hamu ya kuhutubiwa. Katika mkutano mmoja uliofanyika Birmingham mwaka 1948, mkulima mmoja alisimama akasema kwamba wanachohitaji ni Dick Barton wa wakulima. Huyo Dick Barton alikuwa shujaa wa mchezo wa kijasusi uliopendwa sana redioni wakati ule. Watu walicheka. Hata hivyo mtangazaji Godfrey Baseley aliyachukua maneno yale, akawatafuta watunzi wawili waliokuwa wakiuandika huo huo mchezo wa kijasusi, na pamoja wakaanzisha habari za mzee Dan Archer, mkewe Doris na watoto wao. Katikati ya uchumba na ugomvi wa kifamilia yakapenyezwa mambo ya mbolea, mbegu na maradhi ya mifugo.

Hapa msomaji wa Tanzania atatabasamu, kwa maana njia hiyo anaifahamu. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, ambamo mafunzo ya uzazi wa mpango na ya ukimwi yalipitishwa katika maisha ya dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mkewe Tunu. Hakuna aliyehitaji kuhutubiwa juu ya hatari ya kuwa na hawara katika kila kituo cha safari. Walimsikia Mkwaju mwenyewe akiugua na kufa. (Waamerika, kwa upande wao, huziita tamthilia za namna hii kwa jina la sabuni, kwa sababu tangu miaka ya 1930 watengenezaji wa sabuni ndio waliozigharimia redioni, wakijua kwamba wanaosikiliza mchana ni akina mama walio katika kufua na kuosha. Wao walikuwa na bidhaa ya kuuza, na kila mwenye redio hutaka kufundisha au kuuza kitu.)

HARUSI ILIYOCHELEWA

Sasa turudi kwa Phil na Grace. Phil alikuwa kijana wa mzee Dan, mkulima wa kawaida. Grace Fairbrother alikuwa binti wa tajiri mwenye mashamba ambaye Phil alikuwa akimfanyia kazi. Uchumba wa namna hiyo una misukosuko yake katika nchi yoyote ile, na watunzi hawakufanya haraka. Mara Phil anataka kwanza asimame kwa miguu yake mwenyewe. Mara Grace anakwenda zake Ireland kujifunza habari za farasi. Mwaka ukapita, na mwingine, huku wasikilizaji wakingoja kama mashangazi walioambiwa kuwa posa imepokelewa lakini siku haijatajwa.

Arusi ilifungwa siku ya Jumatatu ya Pasaka mwaka 1955. Kufikia wakati huo mchezo ulikuwa na wasikilizaji wapatao milioni 20, katika nchi yenye watu milioni 50 hivi. Phil aliigizwa na Norman Painting, na sauti ya Grace ilikuwa ya Ysanne Churchman. Kwa wasikilizaji, wawili hao hawakuwa waigizaji. Redio haina sura. Anayesikiliza humtengeneza mtu kwa mawazo yake mwenyewe, humvika nguo, humpa kimo na mwendo, na akishamtengeneza ni wake. Huenda ndiyo maana mapenzi ya redio hushika kuliko ya sinema.

Usiku wa Alhamisi, tarehe 22 Septemba 1955, Phil na Grace walikuwa wakila chakula cha jioni na rafiki zao hotelini. Banda la farasi likashika moto. Grace alikuwa amekwisha kutoka salama, ila akamkumbuka farasi aitwaye Midnight, akarudi ndani kumwokoa. Boriti ikamwangukia. Akakata roho mikononi mwa mumewe wakiwa njiani kwenda hospitali.

Ghadhabu na majonzi yaliyofuata hayakuwa na mfano. Simu za BBC zilizidiwa. Barua zilimiminika. Magazeti ya kesho yake yaliandika juu ya kifo cha mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa kana kwamba ni kifo cha binti wa mfalme. Watu wazima, wenye kazi zao na akili zao timamu, walilia jikoni.

Yalikuwako mashaka tangu usiku ule ule. Jioni ile ile ya maafa hayo, televisheni ya kwanza ya kibiashara nchini humo, ITV, ilikuwa inafunguliwa London kwa shangwe. Asubuhi yake, badala ya kuzungumza juu ya televisheni mpya, Waingereza walikuwa wakimzungumza Grace. Kwa miaka mingi BBC ilishikilia kwamba hiyo ilikuwa sadfa. Baadaye ikabainika wazi kwamba siku ilichaguliwa kwa makusudi.

MFANYAKAZI ALIYESAHAULIWA

Lakini kwa nini afe Grace? Katika familia nzima ya akina Archer na jirani zao wote, watunzi wangeweza kumchagua mwingine. Ysanne Churchman alikuwa na jibu lake, na alilitoa miaka mingi baada ya tukio. Alieleza kwamba alikuwa amekwenda katika chama cha waigizaji, Equity, kudai wanawake walipwe sawa na wenzao wa kiume katika mchezo huo, na kwamba kifo cha Grace ndicho kilichokuwa malipo yake. Kwa maelezo hayo, boriti ile ilikuwa barua ya kuachishwa kazi.

Mimi nayatafakari hayo kila nisikiapo watu wakimsifu mtunzi kwa ujasiri wa kumwua mhusika anayependwa. Mamilioni walimlilia Grace. Walimlilia kwa dhati, na sitawadharau kwa hilo. Ila mwanamke aliyempa Grace pumzi, aliyefika studio kwa wakati, aliyezisoma kurasa zake na kulipwa kwa kila kipindi, naye pia usiku ule alipoteza kazi, na shauri lake halikusikika katika kelele zile. Mapenzi ya wasikilizaji yalikuwa ngao kubwa ambayo angeweza kuitumia, na yule aliyemwondoa aliyageuza mapenzi hayo hayo kuwa ngoma ya kuvuta watu. Kadiri Grace alivyopendwa, ndivyo kifo chake kilivyokuwa na faida kwa shirika.

Ysanne hakuiacha fani. Aliendelea kuigiza kwa sauti yake katika vipindi vingi, na hata katika The Archers yenyewe alirudi baadaye kwa jina jingine, akawa Mary Pound, mke wa mkulima. Alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 99.

Mwenzake Norman Painting alibaki na mzigo wa namna nyingine. Mjane wa kiume hawezi kuomboleza milele redioni, kwa hiyo mwezi Novemba 1957 Phil alioa tena. Mke huyo wa pili, Jill, aliigizwa na Patricia Greene. Watoto wakazaliwa, wakiwamo mapacha mwaka 1958. Wasikilizaji waliokuwa wamemzika Grace wakajikuta, kidogo kidogo, wakimwonea Phil furaha. Ndoa ile ilidumu hewani zaidi ya nusu karne. Painting mwenyewe aliandika vipindi vingi vya mchezo huo kwa jina la kalamu la Bruno Milna, akiwawekea wenzake maneno mdomoni na pengine kujiwekea mwenyewe.

Aliigiza Phil kwa karibu miaka 60, kazi moja ya mhusika mmoja, hata akaingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Tarehe 29 Oktoba 2009 alifariki, siku mbili tu baada ya kurekodi kipindi chake cha mwisho. Watunzi wakakabiliwa na swali gumu: Phil afanywe nini? Hawakumtafuta mwigizaji mwingine. Mwezi Februari 2010 Jill alirudi nyumbani akamkuta mumewe amefariki akiwa ameketi kitini, muziki ukilia. Hivyo wapenzi wa Phil walifiwa mara mbili, mara ya kwanza na mtu mwenyewe, na miezi mitatu baadaye na mkulima wao.

NDOA ISIYOPENDWA

Isidhaniwe kwamba msikilizaji mwaminifu hushabikia kila ndoa ya mchezoni. Kwa muda wa miaka kama miwili na nusu, watunzi wa The Archers walimwonyesha Helen, mjukuu wa kaka yake Phil, akiolewa na bwana mtanashati aitwaye Rob Titchener. Waigizaji walikuwa Louiza Patikas na Timothy Watson. Rob hakuanza kwa makofi. Alianza kwa kumchagulia Helen nguo, kumwonea mashaka juu ya rafiki zake, kumwambia mbele za watu kwamba amesahau hiki na kile hata mwenyewe akaanza kuamini kuwa akili zake zina kasoro. Mchezo ulikwenda taratibu mno, jambo lililowaudhi baadhi ya wasikilizaji, lakini taratibu hiyo ndiyo iliyokuwa kweli yenyewe. Mateso ya namna hiyo hayaonekani kwa siku moja. Mwezi Desemba 2015, hadithi ikiwa inaendelea, sheria mpya ilianza kutumika Uingereza na Wales kuufanya utawala wa namna hiyo juu ya mwenzi wa ndoa kuwa kosa la jinai.

Tarehe 3 Aprili 2016 Helen alimchoma Rob kisu. Akatiwa mahabusu, naye mja mzito. Kesi yake ilisikilizwa Septemba, na uamuzi ukatolewa katika kipindi cha Jumapili kilichorefushwa hadi saa nzima: hana hatia.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, Februari, msikilizaji mmoja aliyechoshwa na kukaa tu akimhurumia Helen alikuwa ameanzisha mchango kwa jina lake. Aliwakumbusha wenzake kwamba kwa kila Helen wa mchezoni wako wengine wa kweli, na kwamba hao ndio wanaohitaji mahali pa kulala usiku huu. Wasikilizaji walitoa, mmoja paundi tano, mwingine kumi, na mchango ukapita paundi 100,000. Fedha hizo zilipelekwa kwa Refuge, shirika linalowapa hifadhi wanawake na watoto waliokimbia mateso majumbani mwao.